Rehema aliponiuliza hali

Jumatano, Sanyuanli

Kumbe saikolojia si masomo ya vichaa. Leo Rehema, binti yangu anayeisomea mwaka wa pili chuoni, kanipigia nikiwa hapa ghala la Wachina nafunga maboksi ya mzigo wa kwenda Dar.

"Hali yako, Baba?"

"Salama."

"Hiyo ni salamu. Mimi nimeuliza hali."

Kisha akasubiri, mpaka nikamwambia nilichowaficha wote nyumbani tangu Ramadhani: bega limeumia, nabebea mkono mmoja. Hakulia wala hakunikatiza.

"Nani kakufundisha kusikiliza hivyo?"

"Darasani, Baba. Tunafanya mazoezi wawili wawili."

Mimi niliishia la saba. Sisi tulifundishwa kujibu tu.

Kesho nitamwambia laoban, bosi wangu. Naogopa atanifukuza. Lakini akiniuliza hali, sitasema salama.