Karatasi za Leta

Jumanne, 2 Septemba 2025

Waliofika: tisa. Mvua kidogo saa nane, ikakatika.

Leo shanga za karatasi. Nimechagua kazi hii kwa sababu haihitaji macho makali wala sindano. Mimi nakata vipande virefu vya pembe tatu, upande mmoja sentimita mbili, upande wa pili ncha. Wazee wanaviringisha kuanzia upande mpana kwenye kijiti cha brosheti (mishikaki ya huku), tone la gundi mwishoni, basi. Hata Mzee Kamanzi, mkono wake unaotetemeka, amemaliza saba.

Kamanzi alikulia Karagwe, kwa hiyo Kiswahili chake ni kama cha kwetu Bukoba. Akamwambia Bi Swafiya shanga zake zinafanana na mavi ya mbuzi. Swafiya ni wa Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali, maneno hayampigi chenga — akamjibu kwamba za kwake hata mbuzi angezikana. Ukumbi mzima wa parokia ukacheka. Isipokuwa mama Gahongayire. Kiswahili chake ni kidogo, Kinyarwanda changu ni kidogo, tunaelewana kwa mikono. Lakini vidole vyake! Alisuka vikapu maisha yake yote.

Majarida ya kukata yamekwisha. Nikatangaza: Alhamisi kila mtu, karatasi! Leta karatasi za zamani! Gahongayire akauliza, "Za Leta, Mwarimu? Ya zamani?" Nikasema ndiyo mama, leta, leta zote. Akaniangalia muda mrefu. Nilidhani hajapenda.

Alhamisi, 4 Septemba

Waliofika: kumi na mmoja.

Karatasi tele. Kamanzi: kalenda za miaka sita na kadi za mialiko ya harusi. ("Hawa wameshaachana, Mwalimu, kata bila huruma.") Swafiya: madaftari ya wajukuu.

Gahongayire alikuja na bahasha ya kaki, ameifunga ndani ya kitenge. Alinikabidhi kwa mikono miwili, na goti akalikunja kidogo. Nikamzuia — mama wa miaka sabini na tano anipigie goti mimi! Hakuondoka. Akaonyesha daftari la mahudhurio. Nikaandika mbele yake: Gahongayire, bahasha moja. Akaugusa ule mstari kwa kidole, ndipo akaenda kukaa. Nilifurahi. Kumbe kuna mwenzangu anayependa utaratibu.

Walipoondoka nilibaki kukata. Huwa napanga kwa unene, si kwa kilichoandikwa. Nyembamba huku, ngumu kule. Ndani ya bahasha kulikuwa na kadi moja kubwa, ngumu, rangi ya waridi iliyopauka. Miraba, tarakimu, muhuri. Sikusoma. Vipande thelathini na moja. Itatoa shanga nene, nzuri.

Jumanne, 9 Septemba

Waliofika: kumi.

Niandike kwa mpangilio.

Gahongayire alichagua vile vipande vya waridi. Aliviringisha vyote mwenyewe, thelathini na moja, bila kuinua kichwa. Zimelingana kama zilitoka kiwandani. Nane nikazipaka vanishi pale pale ili wengine waone zinavyong'aa. Wakampigia makofi. Akaona haya, akajifunika mdomo.

Mwishoni akanijia. "Leta irisema nini?" Sikuelewa. Nani kaleta nini? Akarudia. Nikamwita Swafiya.

Swafiya alimsikiliza, akaanza kucheka, akaacha. Akasema ye anauliza serikali imejibu nini juu ya karatasi yake. Serikali gani? "Mwalimu, Leta si ndiyo serikali? Kinyarwanda hicho. Umesema karatasi za Leta, ye amekuletea ya Leta."

Miaka kumi na moja niko Kigali! Neno hili nalisikia redioni kila asubuhi. Siku ile halikunijia. Kichwani mwangu lilikuwa neno langu tu, la kwetu.

Nikamwomba Swafiya aulize ilikuwa karatasi gani. Aliuliza huku anatabasamu, mama asishtuke. Ni ifishi. Kadi ya kliniki ya mtoto wake, ya kupimia uzito. Mukamana. Mtoto wake pekee. Picha hana. Kaburi halijui. Anadhani sasa Leta inaandika majina ya watoto waliouawa mwaka 1994 ambao walikuwa wadogo mno, hakuna aliyewaandika. Alisema alijua siku hiyo itafika.

Shanga zilikuwa kwenye sahani mbele yetu.

Swafiya akanishika mkono chini ya meza. Kwamba ninyamaze kwanza. Nikamwambia mama: bado. Neno moja tu. Akaridhika, akachukua mwavuli wake, akaenda.

Jumatano, 10 Septemba

Sikwenda kazini. Nilimwambia bosi naumwa, na si uongo sana.

Nane zenye vanishi — hazifunguki. Nikachukua moja kavu, nikailoweka kwenye maji ya uvuguvugu. Gundi iliachia. Wino nao ukaachia. Kilichobaki ni kipande cheupe, na bluu kidoleni mwangu. Ya pili nikaifungua kwa mvuke wa birika. Ikafika nusu, nikasoma "7," kisha ikachanika.

Nimeacha. Ya tatu sina haki ya kuigusa.

Zimebaki ishirini na tisa.

Alhamisi, 11 Septemba

Waliofika: wanane. Gahongayire hakuja.

Nilimweleza Kamanzi kila kitu. Tulikaa watatu, yeye, Swafiya na mimi, baada ya wengine kuondoka. Kamanzi: aambiwe. Swafiya: aachwe. Mtu amengoja miaka thelathini, unataka umwue kwa dakika moja? Kamanzi: na akifa huku anangoja jibu ambalo halipo? Swafiya akasema taratibu: tumtengenezee nyingine. Karatasi ya waridi iko, muhuri hata wa parokia uko, ye hajui kusoma.

Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma: nilitaka. Kwa kitambo nilishaanza kupanga. Kalamu ya wino, chai kidogo ya kuzeesha karatasi. Ningeifanya vizuri sana. Najijua.

Kamanzi alipiga meza. "Hajui kusoma, Eustadia. Si mjinga."

Nikauliza basi kwa nini leo hakuja, labda ameshajua. Swafiya anakaa jirani naye. Hapana, hajajua. Amepanda basi kwenda Rwamagana kwa dada yake. Amekwenda kumwambia kwamba Leta imemwulizia Mukamana.

Jumapili, 14 Septemba

Misa ya kwanza. Nilimwona Gahongayire kwa mbali, amerudi. Akanipungia mkono. Nilitokea mlango wa pembeni.

Jumanne, 16 Septemba

Naandika nikiwa ukumbini. Daftari la mahudhurio limejaa, na mama amesema iandikwe sasa hivi, mbele yake. Kwa hiyo humu.

Alikuja saa tisa amevaa mushanana, ile nguo ya sherehe, nyeupe, imepigwa pasi mpaka kwenye mikunjo. Wenzake wakamwuliza kuna harusi ya nani. Akacheka tu. Akakaa kiti cha mbele kabisa.

Nilikuwa nimeomba mimi ndiye nimwambie, Kamanzi atafsiri. Badala yake nikaanza kupanga mikasi mezani. Kamanzi akavua kofia, akavuta kiti, akakaa karibu naye, magoti yakakaribia kugusana. Alizungumza kwa Kinyarwanda polepole. Mimi nilishika maneno matatu: Leta, Mukamana, na jina langu.

Hakulia. Alinyoosha mikunjo ya nguo yake. Mmoja, mwingine. Kisha akauliza kitu kifupi. Swafiya akafungua mdomo kunitafsiria, lakini nilishainua mkono. Mimi ndiye niliyekata.

Akaniangalia. Sijui niliona nini usoni mwake, na sitaki kubuni.

Akaagiza sahani iletwe. Shanga zaidi ya mia mbili humo, za kalenda, za harusi, za madaftari. Akazitoa zake moja moja, bila kukosea hata moja, akazipanga mezani. Nikamwambia mwenyewe, kwa Kiswahili na vidole: zilikuwa thelathini na moja, mbili nimeziharibu kwa maji. Akaitikia. Akaniwekea ya kwanza kiganjani.

"Soma."

Nikaeleza, Swafiya akatafsiri: haisomeki, karatasi imejiviringa ndani, kinachoonekana nje ni ncha tu. Herufi moja, mbili, au hakuna.

"Soma icho kinaonekana. Wandike."

1. "ka"

2. Hakuna kitu. Ameuliza rangi gani. Waridi tupu. Amesema hiyo nayo niiandike: waridi tupu.

3. "4,2". Nimesema labda ni kilo. Amesema ndiyo, ni kilo. Ameonyesha kwa mikono urefu wa mtoto wa kilo hizo.

4. Ukingo wa muhuri.

5. Vanishi imeziba. Ni mimi niliyeipaka.

6. "mars". Ni Machi, kwa Kifaransa, na mauaji yalianza Aprili. Swafiya hakutafsiri, na mama hakuuliza.

7. Waridi tupu.

8. "na". Inaweza kuwa mwisho wa jina. Inaweza kuwa neno lolote. Alinitaka niisome tena. Nimeisoma mara nne.

Mlinzi amegonga mlango mara mbili, anataka kufunga. Kamanzi ametoka kuzungumza naye. Wengine wote wameshakwenda. Kumeanza kuwa giza, Swafiya amewasha taa.

9. Hii hajanipa. Ameifumba mkononi, ananiangalia kuona kama nimeshamaliza kuandika ya nane.