Kitasa kilichomkataa mwashi

Shoga, acha unachofanya usome hii. Mwanetu mkubwa kabandika mlangoni kijidude cha kusoma vidole. Funguo zote kazichukua, eti za kizamani.

Sasa mume wangu, unamjua, miaka arobaini ya kushika saruji imemla vidole mpaka vimekuwa laini kama sahani. Akaweka cha kwanza, kijidude kikalia tii. Cha pili, tii. Vyote kumi, tii. Kumi, shoga.

Unajua mwanetu kasema nini? "Basi baba, uwe hutoki peke yako. Utafungiwa nje."

Asitoke. Mtu aliyeijenga nyumba yenyewe tofali kwa tofali, anaambiwa na kitoto nilichokifundisha kufunga vifungo vya shati.

Mzee akavua kandambili, akaegemea ukuta, akapandisha mguu kama korongo. "Sajili hiki." Kidole gumba cha mguu. Kijidude kikakubali palepale.

Tangu asubuhi katoka mara kumi na nne. Hana anakokwenda. Akirudi anasubiri majirani wajae, ndipo anavua kiatu na kuupa mlango unyayo.

Saa kumi wakaja wakwe za mwanetu, wakamkuta mguu uko juu. "Karibuni wakwe, hii ndiyo elimu ya kijana wetu."

Mwanetu kanirudishia funguo sasa hivi, machoni haniangalii. Nimempa baba yake. Keshatoka, na hakuaga mtu.