Vifuniko vya Besi na Ubao wa Kitanda

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako upesi, kabla ya Jumamosi, na uniwie radhi kwa mwandiko, naandika kwa furaha na kwa hofu na sijui kipi kimezidi.

Mimi ni fundi cherehani, na jioni napiga gitaa la besi katika bendi ya harusi. Besi yangu ina pikapu mbili, vile visanduku vilivyo chini ya nyuzi vinavyonasa sauti na kuipeleka kwenye spika, na vifuniko vyake vya plastiki vilikuwa vimepasuka nikavifunga kwa utepe mweusi, mpaka mke wangu akawa ananiambia, "Baba watoto, hilo gitaa linatia aibu, lifiche wageni wakija." Basi nikaamua kuchonga vifuniko vya mbao mwenyewe, nikanunua mbao, nikachonga, nikapiga msasa, vikakaa vizuri, lakini baada ya muda vikajikunja kwa sababu mbao ilikuwa mbichi, vikawa vinagusa nyuzi na kila noti inalia kama nyuki ndani ya kopo. Seremala jirani akaniambia nitafute mbao iliyokauka miaka mingi, nikatafuta wee, sikupata, hadi mchana mmoja natandika kitanda, mkono ukagonga ubao wa kichwani, nikasikia ngo, mlio mkavu, mtamu, nikajua ndio wenyewe.

Kitanda hicho tulipewa na mama mkwe tulipooana, naye alikilalia tangu ujana wake. Nilikivuta, nikakata kipande upande wa nyuma, chini, panapotazama ukuta, kiasi cha kutosha vifuniko viwili tu, nikakirudisha kitanda mahali pake.

Laiti ungeviona, Shangazi. Mistari ya mbao inakwenda sambamba na nyuzi kana kwamba ilijua. Nilichimba ndani kwa patasi, mara ya kwanza juu pakabaki panene na sauti ikawa inatokea mbali, nikaendelea kukwangua kwa ndani mpaka pakawa pembamba kama kifungo cha shati, nikakaza skrubu, nikawasha spika, nikapiga uzi mmoja mnene, na vikombe kabatini vikaitikia. Nilicheka peke yangu. Vimekaa kama suti iliyoshonwa kwa kipimo cha mwenyewe.

Sasa mke wangu, ambaye hakuwahi kuja kunisikia hata mara moja, alipoviona aliita majirani. Nilimwambia ni masalio ya mbao kutoka karakana ya seremala, na kila anayepita anamwambia, "Ingia uone kazi ya mume wangu, kaokota masalio kwa seremala katoa hiki." Jumamosi anakuja ukumbini, kanishonesha hadi gauni, na anakuja na mama yake atakayelala kwetu, na asubuhi hiyo anataka kitanda kihamishiwe chumba cha pili ili mama alalie kitanda chake cha zamani. Nimefikiria kuziba pengo kwa gundi na unga wa mbao. Nimefikiria kusema ni mchwa. Juzi akivifuta kwa kitambaa aliniuliza, "Mbona mbao hii inafanana na kitanda chetu?" nikamjibu mbao zote zinafanana. Je, huenda anajua? Nifanyeje nisiipoteze furaha hii, maana nimeingoja tangu tuoane?

Mpiga Besi

Marahaba, Mpiga Besi.

Barua yako imenichekesha, ikaniudhi, ikanichekesha tena. Kwanza hongera, na naisema kwa moyo mweupe. Aliyekwangua mbao mpaka ikawa nyembamba kama kifungo bila kuipasua ana mkono. Ila mkono huohuo umeiba.

Ndiyo, umeiba, usinikunjie uso. Wewe ni fundi cherehani. Mteja akikuletea kitenge alichopewa na mama yake, ukamega kipande ukajishonea kofia, na kofia ikapendeza kweli, siku akija kuchukua kitenge chake utamwambia ni panya? Basi na mchwa mwache apumzike, hana habari na mambo yenu.

Unauliza kama mkeo anajua, na naona unaomba niseme ndiyo upate kupumua. Sisemi. Mimi nadhani hajui, na hapo ndipo palipoharibika. Aliuliza, ukamjibu, akaamini, akaendelea kufuta.

Weka gundi chini. Leo, usingoje Jumamosi, mwite chumbani, vuta kitanda mwenyewe aone kwa macho yake. Usianze na habari za sauti tamu wala vikombe kabatini. Sema, "Nimekata mimi, na nikakudanganya," kisha funga mdomo. Akifoka, mwache afoke mpaka amalize. Mama mkwe naye utamweleza wewe mwenyewe, akiwa ameketi, kabla hajaonyeshwa pa kulala, na seremala aitwe aunge ubao vizuri kwa gharama yako.

Halafu mpe mkeo bisibisi. Vifuniko vimefungwa kwa skrubu, vinatoka dakika moja, na mbao ni ya kwao. Akisema vitoke, vitoe, rudisha utepe wako mweusi, panda jukwaani upige kama kawaida. Akisema vibaki, utapiga kwa ruhusa, na mwenyewe utasikia tofauti.

Ila usije ukaanza kuomba radhi kwa ajili ya ubao. Ubao utaungwa. Mwanamke aliyekuwa akilionea aibu gitaa lako sasa anasimama mlangoni kwake, kichwa juu, anamwambia kila jirani kwamba mumewe aliokota masalio kwa seremala. Umemtuma asambaze uongo wako mtaa mzima, na yeye anadhani anakusifu. Radhi yako ianzie hapo.