Cheti Kilicho Sandukuni kwa Babu

Quakers Hill,
Sydney, Australia.
14 Juni 2025

Mpendwa Mama Mkubwa Stephania,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Natumaini unaweza tena kupanda kile kilima kwenda kanisani, na kwamba Babu hasumbuliwi na kifua kwa baridi ya Tukuyu. Huku nako ni baridi. Mimi na Mama tu wazima wa mwili, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu Baba atutoke mwezi wa Machi.

Najua iliwauma kusikia kwamba alichomwa. Ndiyo desturi ya kwao, na aliomba mwenyewe. Majivu yake yapo sebuleni. Mwezi wa Agosti tutayapeleka Japani, akalazwe kwenye kaburi la wazazi wake.

Sasa kuna jambo. Japani kila familia ina daftari lake serikalini: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa. Dada yake Baba, Shangazi Fumie, alituchukulia nakala, pamoja na rekodi ya makazi ya Baba. Zilifika Jumanne. Mwalimu wangu wa Kijapani alibaki nami baada ya masomo, tukazisoma mstari kwa mstari.

Rekodi ya makazi inasema alihamia Tanzania, na tarehe ipo. Lakini kwenye daftari Mama hayumo. Mimi simo. Baba yuko chini ya wazazi wake, kama kijana ambaye hajaoa, kisha tarehe ya kifo.

Nilipomwambia Mama, kwanza alicheka. "Yaani baba yako kafa kapera?" Kisha akaenda jikoni akafungulia bomba la maji nisimsikie akilia. Nilimsikia.

Baadaye alinieleza. Baba alihitaji cheti cha ndoa ili akaiandikishe ubalozini kwao. Babu alikuwa amekifungia sandukuni pamoja na karatasi ya mahari, na Mama aliona haya kukiomba. Anasema kwenu binti akidai karatasi hizo, wazee huuliza kapigwa au kafukuzwa. Baba alimkumbusha mwaka hadi mwaka, mwishowe akaacha.

Shangazi Fumie ni mpole. Amesema Baba anaweza kuzikwa hivyo hivyo, yeye atasaini. Mama amekataa. "Miaka kumi na nane nimempikia, leo nimsindikize kama jirani?"

Ubalozini wamemwambia kwamba mjane bado anaweza kuleta cheti. Mimi huenda nisiandikwe kamwe, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa nje ya Japani huandikishwa ndani ya miezi mitatu tu, na muda wangu ulipita nikiwa bado mchanga. Niliumia, sikufichi. Lakini Mama akiandikwa, nitakuwa nimeridhika.

Hajui kwamba nakuandikia. Hata leo anaona haya. Kwa hiyo naomba umsomee Babu barua hii akiwa ametulia, asije akashtuka, kisha ututumie cheti chenyewe kwa njia ya haraka. Karatasi ya mahari ibaki pale pale. Mwambie binti yake hataki kuivunja ndoa. Anataka iandikwe.

Nisalimie Mjomba Ulimboka, Vicky na mtoto wake mchanga, na wote wa kanisani waliotuombea. Mungu awafunike kwa mkono wake, na safari yetu ya Agosti aitangulie yeye.

Mwanao akupendaye daima,
Ikupa