Hina ya Zainabu

Kimara, Jumapili

Majani ya chai kwenye hina nayo hayakusaidia. Ndevu zimebaki rangi ya chungwa. Hapo kabla nilijaribu piko ya dukani, zikatoka nyeusi ti. Mjukuu wangu Rehema akaniamkia, “Shikamoo babu. Unaoa lini?” Ilibidi nizinyoe, nisubiri mvi ziote upya.

Ninayoitafuta ni ile kahawia aliyonipaka marehemu mke wangu Zainabu kila Shaabani, kabla ya mwezi wa kufunga. Hina peke yake kwenye mvi huwa chungwa, kwa hiyo lazima alikuwa akiichanganya na kitu. Kitu gani, sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa nikikaa tu kwenye kigoda na kupakwa. Nachelea kwamba amekwenda nacho.

Leo jioni nimeikoroga kwa maji ya karafuu. Nilipomaliza kupaka, Rehema akapita mlangoni.

“We babu! Mbona unanukia kama alivyokuwa akinukia bibi?”

Akacheka.

Rangi itakavyotoka sijui. Hina imeshakauka kidevuni, inavuta ngozi, ilipaswa kuoshwa tangu magharibi. Maji yapo kwenye ndoo. Bado sijaenda kuyachota.