Protini Niliyosahau Kuikausha

Jumatatu, 3 Machi

Zimefika! Chupa ishirini, kila moja ndogo kama kidole changu cha mwisho, na ndani yake unga kiduchu ambao ukipiga chafya tu umekwisha. Nimesaini pale mapokezi, nikapanda nazo ngazi mwenyewe hadi ghorofa ya tatu. Lifti ile siiamini hata na mwavuli wangu. Wiki sita nimezingoja. Wiki sita!

Molekuli laki nne na ushee nilizipitisha kwenye kompyuta, moja moja, kuona ipi inakaa vizuri kwenye mfuko wa protini yetu. Protini yenyewe ni ile ambayo kijidudu cha kifua kikuu hakiwezi kujenga ukuta wake bila hiyo. Ziba mfuko, protini inakwama, kijidudu kinabaki bila ukuta, kwisha habari yake. Kwa maneno ni rahisi hivyo. Kompyuta ilitafuna siku tisa, ikatema orodha, nikachagua ishirini za juu, zikaagizwa.

Profesa amepita kuziangalia. Amesema mkutano ni Ijumaa ya tarehe 14. Isipopatikana hata moja inayofanya kazi, mradi unafungwa, seva wanapewa wale wa ghorofa ya juu, nami nitapangiwa shughuli nyingine. Amesema kwa upole, kama daktari wa meno kabla ya kung'oa. Miaka mitatu ya maisha yangu hiyo! Lakini leo sina huzuni, leo nimekaa mkao wa kula.

Jumanne, 4 Machi

Nimezikabidhi kwa Bi Sabuni. Ndiye mpimaji wetu wa maabara, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye mkono usiotetemeka hata jengo likitetemeka. Jina amelipata kihalali. Kila molekuli inayoonekana kuizuia protini, yeye huirudia kuipima na tone la sabuni. Kwa nini? Kwa sababu nyingine zina hila. Haziingii kwenye mfuko wowote, zinagandamana tu zenyewe kwa zenyewe, madonge yanainasa protini, na mashine inadhani dawa imepatikana. Sabuni inavunja madonge. Ya kweli inabaki, ya uongo inaumbuka.

Mwaka jana alinizikia tatu kwa asubuhi moja. Na mimi nilikwisha kumtangazia mama!

Leo amezipokea chupa zangu, akanitazama juu ya miwani. “Mdogo wangu, huko kwenye kompyuta mnaposa tu. Ndoa inafungwa huku.”

Ataanza Jumatatu, mashine ina watu wengine wiki hii. Nitasubirije mimi?

Jumatano, 5 Machi

Nimepita karakana kwa kaka kabla ya kazi. Alikuwa amelipindua kochi miguu juu, misumari mdomoni. Nimemgusa bega, maana kumwita ni kazi bure. Miaka sita iliyopita kifua kikuu sugu kilimkamata, wakamchoma sindano miezi minane, zile zinazoweza kuua masikio, akapona kabisa. Mwenyewe husema: “Nilipona mimi, masikio hayakupona.” Anasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, kwa kuwa mwenyewe haisikii.

Husoma midomo. Nimemchorea kwenye boksi: hii protini, huu mfuko, hii dawa — kama ufunguo na kitasa. Akatikisa kichwa. Eti kitasa ni kigumu, hakiujali ufunguo. Akanikalisha kwenye kochi lingine. “Unaona? Ukikaa, sponji inakufuata wewe. Na wewe nawe unaifuata. Mnakutana katikati.”

Ndivyo ilivyo hasa! Protini inajongea, inahema, inampisha mgeni! Mimi imenichukua shahada mbili kuelewa jambo hilo, fundi makochi kalisema na misumari mdomoni. Nimepiga kelele ya furaha. Yeye hakusikia, majirani walisikia.

Akaniuliza kama dawa yangu itayaacha masikio ya watu. Nikamwambia ndiyo sababu nimeichagua protini hii. Kijidudu kinayo, binadamu hana, kwa hiyo dawa haina cha kutafuta sikioni. Inatakiwa isiwe nacho. Na itachukua muda gani? Nikamwonyesha vidole vyote. Miaka kumi, mambo yakienda vizuri.

“Kumi! Hata kochi la diwani sijawahi kulichelewesha hivyo!”

Nimecheka njia nzima hadi kazini. Halafu pale getini nikajikuta nalia kidogo. Basi tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya kosa.

Nilikuwa natengeneza picha za mkutano. Nimefungua ile picha ya umbo la protini niliyoipa kompyuta, nikaikuza, nikaizungusha. Ndani ya mfuko — nukta nyekundu. Moja. Nikadhani ni uchafu wa kioo, nikaipangusa kwa kitambaa. Haikutoka.

Ni maji. Molekuli moja ya maji.

Sasa, kukausha ndiyo desturi yetu sote wa kazi hii, ni kama kunawa mikono. Kabla ya kuanza lolote unaondoa maji yote kwenye picha ya protini, kwa kuwa maji huingia na kutoka, yanavuruga hesabu. Nina faili mbili, KAVU na MBICHI. Kompyuta niliipa MBICHI. Molekuli laki nne, siku tisa, wiki sita za kungoja mzigo — vyote juu ya protini ambayo sikuikausha! Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angechekwa kwa hilo.

Kurudia? Kompyuta siku tisa, mzigo wiki sita. Mkutano siku saba. Haihitaji profesa kupiga hesabu hiyo.

Hakuna anayejua. Hakuna ambaye angejua. Nimepita mlango wa Profesa mara tatu nikijifanya naenda kwenye printa. Mara ya tatu akaniuliza kama printa imeharibika. Nikasema hapana, iko vizuri sana.

Jumapili, 9 Machi

Kwa mama. Ameniangalia nikila akauliza nimeacha wapi akili yangu. Nikamweleza juu juu — nimekosea kitu kazini, sijasema. Hakuuliza kitu gani. Alisema tu kwamba aliyezidisha chumvi husema kabla watu hawajaonja. Baada ya kuonja si kusema tena, ni kukamatwa.

Kaka alikuwa akitutazama midomo kwa zamu kama anayetazama mpira. Akasema, kwa sauti yake ile, “Kesho asubuhi!” Kikombe kiliruka mezani.

Kesho asubuhi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema! Saa mbili kamili, kabla hajavua koti. Profesa alivua miwani badala yake, akaifuta muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji. Nilitamani sakafu inimeze.

Akauliza maji mangapi. Nikamwambia moja. Moja tu, mle mfukoni? Moja tu. Kisha akasema maji yakimwagika hayazoleki, zipimwe hivyo hivyo. Hakugundua alichosema. Nami nilikuwa katika hali ya kuweza kucheka au kutapika, nikachagua kukaza midomo.

Ila ametoa sharti: Ijumaa nitasimama na kulieleza kosa kwa mdomo wangu mwenyewe, matokeo yawe yoyote. Nimekubali. Nimetoka mwepesi, kana kwamba nimetua gunia.

Bi Sabuni alicheka mpaka akashika meza. “Yaani umemposa bibi harusi aliyetoka kuoga!” Lakini amevaa glavu, ameanza. Hana kinyongo huyu mama.

Jumanne, 11 Machi

NAMBA SABA!!!

Ngoja nieleze kwa utaratibu. Protini ikifanya kazi, kishimo cha sahani ya kupimia kinang'aa. Ikizuiwa, kinafifia. Kila molekuli ina vishimo vitatu ili bahati isitudanganye. Saa nne na robo Bi Sabuni akaniita. Kumi na tisa zote zinang'aa kama taa za sherehe — yaani bure kabisa. Na safu ya saba? Giza. Giza. Giza. Vyote vitatu!

Nimekimbilia kompyuta. Nimeipima Namba Saba kwenye protini kavu, kama desturi inavyotaka. Ikawa ya elfu tisini na ngapi sijui. Ya elfu tisini! Nisingeiona hata katika maisha ya pili. Kwenye mbichi ilikuwa ya nne (saba ni namba ya chupa tu). Nikaikuza picha, nikaiona: Namba Saba haiishiki protini moja kwa moja upande ule. Inayashika maji, na maji yanaishika protini. Yamesimama katikati kama mshenga. Ukiyaondoa maji, hawa wawili hawajuani.

Yaani maji haya tunayafuta wote, kila siku, kila mmoja wetu, kabla hata ya kuangalia!

Nimecheza kwenye korido. Kweli, nimecheza, mikono juu. Mfagiaji ameegemea ufagio wake akauliza kama nimejifungua. Nimemwambia bado, ndiyo kwanza posa imekubaliwa.

Sabuni ni Alhamisi. Mashine, kesho, ya watu wengine tena.

Jumatano, 12 Machi

Siku ndefu kama nini. Bi Sabuni kanimwagia maji baridi — Namba Saba ina mafuta mafuta, ndiyo aina hasa inayopenda kugandamana. Katika kila kumi anazozirudia kwa sabuni, anasema, tisa huaga dunia. Sikumuuliza, alijitolea.

Sijamwambia mama. Sijamwambia mtu. Kaka ametuma ujumbe: “Vipi?” Nimemjibu: “Ngoma bado mbichi.” Akajibu na picha ya kochi lililokwisha, kitambaa cha kijani, zuri ajabu, na chini yake: “Mimi nimemaliza. Wewe je?”

Mjinga huyu. Nampenda.

Nimeitazama ile nukta nyekundu saa nzima. Kama Namba Saba ni ya uongo, basi hadithi yangu ya mshenga nayo ni ya uongo, na Ijumaa nitasimama na kosa peke yake mkononi. Naogopa. Lakini kila nikiogopa, furaha inachungulia pembeni kama mtoto aliyekatazwa sebuleni. Siwezi kuifukuza!

Alhamisi, 13 Machi

Saa tatu na dakika arobaini, asubuhi. Naandika juu ya goti, kwenye stuli ya maabara, karibu na mlango. Nimekatazwa kusogea. Eti mara ya mwisho niliihemea sahani yake.

Mkutano ni kesho. Sahani imeingia kwenye mashine. Mstari wa juu hauna sabuni, mstari wa chini una sabuni. Bi Sabuni ameweka pia mojawapo ya zile tatu za uongo za mwaka jana, iwe shahidi. Sabuni ikiwa imefanya kazi yake, shahidi lazima aumbuke. Namba Saba inasomwa mwisho, ikibaki giza mistari yote miwili ni ya kweli. Skrini imeelekea upande wake, mimi naona kisogo chake tu.

Profesa ameingia. Anatafuta kalamu, anasema. Kalamu iko mfukoni mwake, naiona.

Mashine inanguruma.

“Shahidi ameumbuka,” Bi Sabuni amesema. Basi sabuni ni nzima. Hakuna kisingizio sasa, kitakachotoka ndicho.

Namba Saba, mstari wa juu. Anaandika.

Mstari wa chini. Kalamu imesimama.

Bado imesimama! Zile tatu za mwaka jana alizitamkia hukumu papo hapo, akazikata kwa kalamu nyekundu, akaenda kunywa chai. Leo ameinamia skrini mpaka pua inagusa kioo. Profesa ameuliza vipi. Amenyoshewa kiganja, angoje. Profesa, angoje!

Amevua glavu. Sasa anaondoka? Hapana. Amechukua glavu mpya. Amefungua droo — sahani mpya, bado imo kwenye nailoni yake. Ameitoa tena chupa ya Namba Saba, anaichanganya upya tangu mwanzo. Anarudia. Miaka yote niliyomjua hajapoteza sahani juu ya maiti. Kilichokufa hakirudiwi kupimwa!

Profesa ameketi kwenye stuli yenye unyevu, wala hajui.

Bi Sabuni ananiita bila kugeuka. Niache hiyo kalamu, anasema, nivae glavu, nikamshikie chupa. Mimi! Mimi wa kompyuta! Na sauti yake, jamani, sauti yake inatetem—