Uso wa Nyumba ya Mikate

Melbourne, 3 Machi

Dada Nerida,

Salamu nyingi. Habari za Kurrabin, na goti lako linaendeleaje? Sisi huku wazima, ila kazi zinatukimbiza. Hatujaandikiana tangu tumzike mama, na sitaki tuanze kwa ugomvi.

Nimeinunua ile nyumba ya mikate. Nitajenga makazi ya ghorofa nne. Usipandishe presha: uso wa mbele unabaki, matofali, madirisha, hata jina la mwokaji. Nyuma tu ndiko kunakobomolewa. Michoro inakuja kwenye kamati yenu ya majengo ya kale, nami nakuomba usiwe mbishi. Mji wenu unakufa, dada, nanyi mmekaa mnaupaka rangi.

Mdogo wako,
Rowan

Kurrabin, 14 Machi

Mdogo wangu Rowan,

Salamu zimefika. Goti linavimba, mengine shwari. Natumaini watoto hawajambo, na kwamba wanakuona walau mara moja moja.

Uso usio na kichwa nyuma yake ni kinyago. Nimemwambia mwenyekiti, Bwana Pell, kuwa wewe ni ndugu yangu. Shauri lako likifika nitatoka nje. Kwa hiyo usipoteze wino kunibembeleza.

Ila usidhani naisifu kamati. Kikao kilichopita chote kiliishia kwa Bibi Kyriaki, jirani wa hiyo nyumba yako. Kiharusi kimemkalisha kwenye kiti cha magurudumu, naye aliomba awekewe mteremko wa mbao mlangoni. Pell akasema utaficha ngazi za mawe, na kwamba akina mama wa enzi zile walizipanda bila kulalamika.

"Hao akina mama wamekufa wote," nikamwambia.

Wakapiga kura. Mkono wangu ulikuwa juu peke yake.

Dada yako,
Nerida

Melbourne, 29 Mei

Dada mpendwa,

Hujambo? Mimi buheri wa afya, na leo zaidi ya jana. Nasikia ulikaa nje barazani na koti lako mapajani huku wazee wako wakiipitisha michoro yangu kabla chai haijapoa. Waliuliza jambo moja tu: mlango utapakwa rangi gani. Nikasema wachague wao. Ungeona walivyofurahi, kama watoto waliopewa peremende. Pell akanishika mkono, akasema laiti kila mjenzi angeiheshimu historia kama mimi.

Miaka yote hiyo unawafundisha maana ya jengo. Mimi nimewapa rangi ya mlango. Kati yetu nani anawajua?

Mdogo wako,
Rowan

Kurrabin, 2 Septemba

Rowan,

Najua u mzima, maana nimekuona kwenye taarifa ya habari umejibanza nyuma ya mwanasheria. Mimi sijaumia, ingawa hukuuliza.

Jumatano upepo ulivuma. Ukuta wako wa mbele, uliobaki ukiegemezwa kwa vyuma viwili vitatu baada ya nyuma kubomolewa, ukaanza kuinamia kwa Kyriaki. Zimamoto wakafunga mtaa. Vijana wawili walijaribu kumteremsha na kiti chake kwenye zile ngazi za thamani. Mmoja akateleza, kiti kikabingirika. Wakambeba mgongoni, gauni limempanda, mtaa mzima unatazama. Alifumba macho. Wakamfikisha kwangu.

"Nerida," akasema, "zile ngazi wanamtunzia nani?"

Kabla ya jioni ukuta ulianguka na kuzisaga ngazi zenyewe. Kesho yake kamati ilikutana. Pell akapendekeza kibao cha kumbukumbu, wakaanza kubishania aina ya herufi. Niliinuka nikaondoka, sirudi tena. Kyriaki anaishi kwangu.

Dada yako,
Nerida

Melbourne, 20 Oktoba

Dada yangu Nerida,

Pole sana kwa yote. Natumaini wewe na mgeni wako hamjambo. Mimi silali. Watu wa bima wanasema ni uzembe wangu. Wewe ulikuwa unaikagulia kamati majengo yale, neno lako lina uzito. Andika tu kwamba ukuta ulikuwa mbovu tangu zamani. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sisi tumegombana vya kutosha. Usiniache peke yangu.

Mdogo wako,
Rowan

Kurrabin, 8 Novemba

Bwana Rowan Trevaskis,

Natumaini barua hii inakukuta salama.

Umeniomba niandike kuhusu ukuta. Nimeandika, na barua nimeipeleka kwa watu wa bima. Nakala yako imo humu. Nimeeleza kwamba mwaka juzi niliukagua mwenyewe, nikapitisha vidole kwenye kila ufa, na haukuwa na ubovu. Kwamba ulisimama tangu enzi za wachimba dhahabu ukiwa na nyumba nyuma yake, na ulipoachwa bila nyumba haukumaliza majira ya baridi.

Kyriaki naye ametia sahihi, kwa mkono wa kushoto, ule unaofanya kazi. Ilimchukua asubuhi nzima, na alikataa kusaidiwa.

Nerida Trevaskis,
Shahidi